Niliombwa Nidhamu, Nikafundisha Kukataa

Mzazi anayenipigia simu kuulizia karate kwa mtoto mwenye usonji (autism) au ulemavu wa akili hachelewi kulifikia neno nidhamu. "Mwalimu, huyu hatulii." "Mwalimu, ukimwambia kitu hasikii." "Tumeambiwa karate inawanyoosha." Siwalaumu. Mama aliyeshushwa kwenye daladala kwa sababu mwanawe anapiga kelele, na ambaye majirani wanamwambia mtoto amedekezwa, akisikia kuna mtu wa mkanda mweusi anayepokea watoto wa namna hiyo, anategemea kupata kiboko chenye heshima. Mimi nafundisha Shotokan, mtindo mmojawapo wa karate, hapa Dar es Salaam, na kwa miaka kadhaa sasa Jumamosi asubuhi nakuwa na watoto wa kitengo cha elimu maalumu katika shule moja ya msingi ya serikali upande wa Temeke. Nidhamu wanaipata, kiasi. Ila kinachowafaa zaidi, kwa niliyoyaona, ni kinyume cha kile nilichoombwa.

Kwanza niseme ni watoto gani, maana tukishataja usonji watu huona mtoto mmoja tu kichwani. Ninaye kijana wa miaka 15 anayejua vituo vyote vya daladala kutoka Mbagala Rangi Tatu hadi Gerezani, na atavitaja kwa mpangilio hata akiwa katikati ya ngumi. Ninaye mdogo asiyesema neno, anayeshikilia mkono wa dada yake mpaka aone mikeka imetandikwa yote. Ninao wenye Down syndrome, hali ya kuzaliwa nayo, wachangamfu, wanaomkumbatia kila anayeingia mlangoni. Na ninao wenye ulemavu wa akili ambao hakuna daktari aliyewahi kuwapa jina jingine: mtoto alichelewa kukaa, akachelewa kutembea, akachelewa kusema, basi. Usonji na ulemavu wa akili ni vitu viwili. Mtoto anaweza kuwa na kimoja au vyote kwa pamoja, na namna ya kumfundisha inabadilika. Mwenye ulemavu wa akili bila usonji mara nyingi anausoma uso wangu vizuri, anajua nimefurahi au nimechoka, anataka nifurahi. Kinachomshinda ni wingi wa maneno na haraka. Mwenye usonji anaweza kuikumbuka kata, yaani mfuatano wa miondoko uliopangwa, kuliko sempai wangu, mwanafunzi mkubwa anayenisaidia, lakini uso wangu haumwambii kitu, na feni inayokwaruza inamuumiza kweli, si kwamba anajidai.

Watu wakiniuliza nilibadilisha nini kwenye karate, wanashangaa nikijibu kwamba kata nimeziacha kama zilivyo. Kata za Heian tunazowaanzishia wanafunzi zilitokana na Pinan, ambazo Anko Itosu alizitunga Okinawa mwanzoni mwa karne ya 20 ili karate ifundishike mashuleni. Kwa hiyo tangu mwanzo ni kazi iliyokusudiwa watoto. Gichin Funakoshi, aliyeieneza karate katika visiwa vikuu vya Japani, ndiye aliyezipa jina la Heian, na katika nyumba yake zikazaliwa Taikyoku, nyepesi zaidi. Taikyoku Shodan ina miondoko 20, lakini mbinu ni mbili tu, kinga ya chini na ngumi ya kusonga mbele, katika msimamo mmoja. Ukiichora njia yake sakafuni unapata herufi I iliyovaa kofia na viatu. Mtoto wangu wa darasa la jioni anachoshwa nayo baada ya wiki mbili, anaanza kuuliza lini atafundishwa teke la kuruka. Mtoto mwenye usonji anaifurahia kwa sababu ileile inayomchosha mwenzake: wiki hii iko vilevile kama wiki iliyopita, na inaishia pale ilipoanzia.

Kilichobadilika ni mdomo wangu. Sisi walimu wa karate tunapenda kuongea. Tunasimamisha darasa, tunaeleza nyonga, tunaeleza pumzi, tunasimulia mwalimu wetu alivyotupiga na fimbo ya mwanzi. Pale Temeke, sentensi ya pili tu imeshawapoteza nusu ya watoto. Nikajifunza kusema neno moja, kunyamaza, kusubiri. Kusubiri ndiko kugumu: unasema "yoi", yaani jiandae, mtoto hafanyi kitu, mkono wako unataka kumshika umweke sawa, na ukihesabu moyoni hadi kumi unaona anaanza kuvuta mguu mwenyewe. Alikuwa anatafakari. Ukirudia neno kabla hajamaliza, anaanza upya kulisikiliza. Amri za Kijapani, ambazo wakati mwingine naona ni mapambo katika darasa la kawaida, hapa zimekuwa mali. Ni fupi, hazibadiliki, na nyumbani hakuna anayezitumia kwa maana nyingine. "Hajime" ni kuanza, "yame" ni kuacha, hakuna "hebu kidogo" wala "subiri kwanza mwanangu".

Kwa wasiosema tuna kadi. Tulizichora wenyewe, tukazitia plastiki steshenari, tunazining'iniza kwenye kamba kwa vibanio vya nguo: salamu, kukimbia, ngumi, kata, padi ya kupigia ngumi, maji, salamu. Kazi ikiisha mtoto anaichomoa kadi na kuitumbukiza kwenye kopo. Wasiwasi mwingi unaoonekana kama utundu ni swali ambalo mtoto hana mdomo wa kuuliza, bado mangapi tuondoke? Kamba inamjibu. Sakafuni tuna nyayo za seloteipu ya rangi, kila mtoto zake, mguu wa kushoto mwekundu na wa kulia bluu, na utepe wa rangi hiyo hiyo kwenye kifundo. "Kushoto" na "kulia" zimewasumbua wanafunzi wangu wa mjini wenye digrii. "Nyekundu mbele" haijamsumbua mtu.

Ukumbi ni wa bati. Watoto kumi wakipiga kiai, ule ukelele wa karate, kwa pamoja chini ya bati, hata mimi nasikia masikio yanalia. Kwa hiyo kiai inapigwa mahali panapojulikana tu, mwisho wa ngumi ya tatu, na mtoto asiyeiweza anavaa vile vifunika masikio vya mafundi wa mashine, au anasimama mlangoni na kurudi. Mvua ikinyesha tunaacha, hakuna ubishi na bati. Sare za karate nazo: kitambaa kipya ni kigumu kama mkeka, na kile kilebo cha shingoni kimeshaliza watoto. Tunakikata, tunaifua sare mara nyingi kabla haijavaliwa, na asiyeitaka anavaa fulana. Mtoto mmoja hakutaka mkanda ukae kiunoni, akauvaa begani kama askari wa gwaride kwa muda mrefu sana, hadi siku aliyoamua mwenyewe kuushusha. Mgeni wangu mmoja, mwalimu wa siku nyingi, aliona ni dharau kwa mkanda. Mimi naona mkanda haujui uko wapi.

Kuna utafiti ambao wazazi hunitumia WhatsApp tena na tena. Mwaka 2012 watafiti wa Iran walichapisha matokeo ya watoto 30 wenye usonji wa umri wa miaka 5 hadi 16. Nusu yao walifundishwa kata mara nne kwa wiki kwa wiki 14, na miondoko yao ya kujirudiarudia, kama kupepesa mikono na kuyumbayumba, ikapungua kwa takriban asilimia 42. Ni kazi nzuri. Lakini ikishapita kwenye makundi matatu ya WhatsApp inafika kwangu ikiwa "karate inatibu usonji", na mzazi anataka kujua dozi ni miezi mingapi. Haitibu. Na zaidi ya hapo, mimi sina ugomvi na mikono inayopepea. Ninaye binti ambaye akimaliza Heian Shodan bila kukosea anapepesa mikono kwa furaha mpaka mabega yanaruka. Wengine hupiga makofi. Sioni cha kupunguza.

Jambo la kukimbia ndilo lililonishika koo mwanzoni, kwa sababu shule iko jirani na barabara ya malori. Watoto kadhaa wanachomoka bila onyo. Geti linafungwa, na mtu anakaa hapo, hilo halina mjadala. Juu yake tukaigeuza "yame" kuwa mchezo: watoto wanakimbia ukumbini, neno likitoka wote wanaganda. Wakawa hodari kabisa, nami nikajiona nimemaliza kazi, mpaka mama mmoja aliponiambia kwamba mwanawe kamtoroka sokoni Tandika na "yame" yake haikumsimamisha hata hatua. Ndivyo walivyo wengi wao: alichojifunza mtoto ukumbini, kwa sauti yangu, juu ya mikeka, kwake ni kitu cha ukumbini, cha sauti yangu, cha juu ya mikeka. Hakihami chenyewe. Tukaanza kukihamisha sisi. Mama akaanza kuita "yame" ukumbini mimi nikiwa kimya. Kisha uwanjani. Kisha kando ya geti likiwa wazi na sempai wawili nje. Kisha njiani kwenda kituoni. Kazi ya miezi. Sasa nikisikia mwalimu anasema karate imembadilisha mtoto nyumbani, namuuliza nani alikwenda kuifundisha huko nyumbani.

Kabla sijaendelea, mambo mawili ya usalama ambayo mwalimu yeyote anayetaka kuanza lazima ayajue, na ambayo katika kozi zetu za ualimu wa karate sikuwahi kuyasikia. La kwanza ni shingo za watoto wenye Down. Kati ya 10 na 20 katika kila 100, picha ya eksirei huonyesha maungio ya pingili mbili za juu kabisa za shingo yamelegea kuliko kawaida. Wengi hawana dalili yoyote, lakini shinikizo baya linaweza kuugusa uti wa mgongo. Special Olympics, michezo ya watu wenye ulemavu wa akili, kwa miaka mingi iliwazuia wachezaji wenye hali hiyo kushiriki judo, jimnastiki, kupiga mbizi na michezo mingine inayoibana shingo. Kwangu hakuna kubiringika mbele, hakuna kurushana, hakuna kushikana shingo, kwa mtoto yeyote mwenye Down, awe na eksirei au hana. Na akianza kuyumba aliyekuwa anatembea vizuri, au akashika shingo upande, au mikono ikaishiwa nguvu, au akaanza kujikojolea upya, simwambii mama "tuone wiki ijayo".

La pili ni kifafa, ambacho kinawapata watoto hawa zaidi kuliko wengine. Siku ya kwanza kilipotokea ukumbini, wazazi wawili walikimbia na watoto wao kwa kuogopa povu. Imani kwamba povu linaambukiza bado iko hai, na haijali elimu ya mtu. Sasa tunafanya mazoezi ya kifafa kama tunavyofanya kata: mlegeze mkanda, ondoa vitu vigumu, mlaze ubavu, usimbane, usimtie kijiko wala kitambaa mdomoni, tazama saa. Ikipita dakika 5, gari. Povu ni mate tu.

Na kupiga je? Hilo ndilo walimu wa kitengo waliloliogopa kabla hawajanipa ukumbi: ukimfundisha kupiga, atawapiga wenzake. Nilikuwa na mtoto aliyeng'ata na kupiga ngumi tangu kabla hajanijua, na nilichofanya kwanza ni kuangalia anapiga lini. Hakuwahi kupiga katikati ya mazoezi. Alipiga mwishoni, mikeka ilipoanza kukunjwa. Vitu vyake vilikuwa vinavunjwa mbele ya macho yake bila taarifa. Tukaongeza kadi ya kukunja mikeka, tukampa yeye kazi ya kubeba ile ya bluu. Kung'ata hakukwisha nyumbani kwao, ila ukumbini kumekuwa kwa nadra. Kwa wote sheria ni fupi, ngumi ni ya padi. Padi ina alama, mtu hana alama. Pambano la kumite sifundishi hapo, na sioni kama wanakosa kitu.

Sasa nije kwenye lenyewe.

Kulikuwa na binti wa miaka 14, nimwite Neema, mwenye ulemavu wa akili, anayelelewa na bibi yake. Alikuwa mwanafunzi wa mfano. Ukimweka mahali anakaa, ukimwambia simama anasimama, haulizi, hasumbui. Wazazi wengine walimtamani. Siku moja tulikuwa tunafanya zoezi la kujinasua mkono: mmoja anatoa kifundo, mwingine anakishika, wa kwanza anauzungusha mkono kuelekea upande wa kidole gumba, ambako mshiko wowote ni dhaifu, anatoka. Nilikuwa sijafika kwenye kutoka. Nilikuwa nimesema tu, "mpe mkono." Mwenzake, kijana mwenye nguvu, akaubana kweli. Machozi yakaanza kumtiririka Neema, uso umetulia, mkono ameuacha palepale. Alikuwa ameambiwa atoe mkono, na hakuna aliyemwambia aurudishe.

Nilirudi nyumbani na picha hiyo. Mwaka uleule wa utafiti wa Iran, 2012, jarida la tiba la Lancet lilichapisha uchambuzi ulioagizwa na Shirika la Afya Duniani, uliokusanya tafiti nyingi, zaidi za nchi tajiri: watoto wenye ulemavu walikuwa na uwezekano wa kufanyiwa ukatili mara 3.7 zaidi ya wenzao, na kwa ukatili wa kingono, wale wenye ulemavu wa akili au maradhi ya akili, mara 4.6. Ukiwa na watoto hawa huhitaji kusoma sana kuelewa kwa nini. Kutwa nzima wanafundishwa kumwachia mtu mzima miili yao. Kaa hapa. Toa mkono. Mkumbatie mgeni. Fungua mdomo. Nyamaza, umsikilize mkubwa. Anayefuata vizuri anasifiwa, asiyefuata anaambiwa hana nidhamu, na anayetaka kumdhuru anamkuta ameshaandaliwa. Na mimi nilikuwa nimekuja kuongeza tabaka jingine juu, lenye kuinama na "osu", ile itikio ya utii ya karate.

Tukabadilisha. Kila darasa, kila mtoto anapewa nafasi ya kukataa, na akikataa inaheshimiwa. Mimi na wasaidizi hatumgusi mtoto kumsahihisha bila kuuliza: "Nikushike mkono?" Akiinua kiganja, basi, nasahihisha kwa kuonyesha mwili wangu. Sababu haiulizwi. Mwanzoni hakuna aliyekataa. Walinitazama kama ninayewatega. Aliyefungua mlango ni yule mdogo asiyesema. Aliinua kiganja, nikarudi nyuma, akatabasamu, akainua tena, nikarudi tena. Baada yake wakawa wanakataa kila kitu. Kwa wiki kadhaa nilikuwa mwalimu asiyeruhusiwa kumgusa mtu, na sempai wangu wakanung'unika kwamba hatusongi. Nikawaambia tunasonga.

Kisha ikaja mbinu yenyewe. Msimamo wa mbele tunaujua, tunarudi nyuma hatua moja, kiganja mbele kwa urefu wa kifua, na badala ya kiai ya kawaida, "HAPANA!" kutoka tumboni. Wasiosema wanatoa sauti yoyote waliyonayo, au wanakanyaga sakafu kwa kishindo. Kisha kujinasua kuelekea kidole gumba. Kisha kukimbia, na si kukimbia ovyo: kila mtoto ana picha za watu wake watatu anaokwenda kuwaambia, zimebandikwa nyuma ya daftari. Wazazi wanakuwepo, na sehemu za siri tunazitaja kwa majina yake mbele yao, maana mtoto asiye na jina la kitu hawezi kueleza kilichofanyiwa kitu hicho. Mama mmoja alitoka nje kwa aibu, akarudi. Wazazi nao wanapewa namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, na wanaonyeshwa dawati la jinsia na watoto liko kituo gani cha polisi.

Neema alichukua muda kupata sauti. Alikuwa anasema "hapana" kwa namna ya kuomba radhi. Siku ilipotoka, ilitoka kubwa hata akajishtukia.

Madhara yalikuwepo, na ni haki niyaeleze, kwa sababu asiyeyajua ataacha njiani. Kijana wa daladala akampigia "HAPANA!" kinyozi. Akampigia nesi aliyeshika sindano. Akampigia mama yake mwenye kikata kucha, akajinasua kwa ufundi safi kabisa, na mama akanipigia simu akiwa hajacheka. Kwake sheria ni sheria: kama mwili ni wangu, kucha ni zangu. Ilibidi tuchore kadi za aina mbili, za hiari na za lazima. Kumbatio ni hiari. Sindano ni lazima, ila mtu anaambiwa mapema, anachagua mkono gani, na anajua itaisha lini. Kucha tukazifanya kwa hesabu ya karate, kidole kimoja ichi, cha pili ni, cha tatu san, hadi ju na vidole kumi vimeisha. Sasa anajihesabia mwenyewe, kwa sauti ya mtahini.

Zito zaidi lilikuwa la bibi yake Neema. Alikuja Jumamosi moja akiwa amejifunga khanga vizuri, nikajua hakuja kutazama mazoezi. Nikamwamkia, nikampa kiti.

"Mwalimu, mjukuu wangu kamnyima mkono mjomba wake mbele za watu. Ndicho mnachowafundisha?"

"Bibi, shikamoo alitoa?"

"Alitoa."

"Basi adabu imetimia, bibi yangu."

"Kwenu labda. Kwetu mtoto anashika mkono wa mkubwa, na anapiga goti."

Hapo sikuwa na jibu la karate. Amri yake ina mizizi kuliko ya Okinawa, nami mwenyewe nililelewa hivyohivyo. Nilichomuuliza ni kama katika wakubwa wote anaowajua, hakuna hata mmoja ambaye angependa Neema amnyime mkono. Alikaa kimya kwa muda, kisha akasema yupo, tena si mmoja. "Na Neema atawajuaje, bibi, kama hana ruhusa ya kumnyima mtu yeyote?" Hakunijibu hilo. Alisema mjomba ni mtu mwema. Tulimuuliza Neema kwa kadi, taratibu, siku mbili tofauti, na mmoja wa walimu wa kitengo akiwepo, na kilichotoka ni kwamba mjomba anabana sana akishika, anaumiza vidole. Mjomba alipoambiwa alicheka, akasema ndivyo anavyosalimia kiume. Tulikubaliana Neema atoe shikamoo kwa mdomo, goti kidogo, mkono kifuani. Bibi hadi leo ananiambia si sawasawa, lakini wageni wakija anamtangulia kwa kusema, "Huyu wangu anasalimia hivi."

Wenzangu wa karate nao wana maneno yao. Wapo wanaosema dojo, yaani ukumbi wa karate, ambamo mwanafunzi anaweza kumkatalia mwalimu si dojo tena. Nimewasikiliza. Nikaipeleka sheria ya kiganja kwenye darasa langu la jioni, la watoto wasio na ulemavu, na vijana wakacheka sana wiki ya kwanza. Wasichana ndio waliotangulia kuitumia, na walivyoitumia, na kwa nani, kumenifundisha mambo kuhusu darasa langu mwenyewe ambayo sikuyafurahia. Sempai mmoja hafundishi nasi tena.

Ubishi mwingine ni mikanda. Wapo wanaotaka watoto hawa wapewe mikanda ili wafurahi, wazazi wapige picha. Nakataa. Mkanda wa huruma mtoto anaujua, hata asiyesema. Dunia yenyewe imeshaamua kwamba kata yao inapimika: tangu 2014, huko Bremen, Shirikisho la Karate Duniani lina ubingwa wa dunia wa watu wenye ulemavu, na wenye ulemavu wa akili wana kundi lao la kata mbele ya waamuzi. Kwa hiyo mtihani wangu wa mkanda wa njano una kata ileile. Kinachoruhusiwa ni muda zaidi, nyayo za rangi sakafuni, kadi badala ya maneno, na kurudia mara moja. Mtahini aliyekuja kutoka nje nilimtumia maelezo mapema, mojawapo kwamba asimguse mtoto bila kuuliza. Akapiga simu: "Na akikataa?" Nikamwambia basi utasahihisha kwa mdomo, kama unavyofanya kwa watu wazima unaowaheshimu.

Katika mtihani ule wa mwisho wawili hawakufaulu. Mmoja aliacha kata katikati akaenda kunywa maji, akarudi kuendelea pale alipoishia, bila kukosea hata kimoja, na mtahini alitaka kumpitisha kwa jinsi alivyovutiwa. Nikasema hapana, kata haina mapumziko. Mama yake alininunia wiki nzima. Baba yake, ambaye hakuwahi kufika ukumbini hata siku moja, ndiye aliyemleta Jumamosi iliyofuata, akauliza ni wapi hasa mtoto alikosea, na akataka aonyeshwe ile kata ili wakafanye nyumbani uani. Nikamvulisha viatu, nikamsimamisha kwenye nyayo za mwanawe. Miguu yake ilizipita kwa mbali. Mtoto akamtazama, akachukua kadi ya hajime, akamwonyesha.